Boila Lililosimama Nje ya Kamba

Novemba 8

Wewe boila, huna haya. Nakulisha mafuta ya taa tangu mume wangu akiwa hai, nakufunika gunia kila majani yanapopukutika, nakufagilia kibanda, halafu asubuhi ya baridi ya kwanza unanizimikia kama mlevi wa sokoni. Nimeamka sakafu ninayolalia, ile unayonipashia joto, imekuwa ubao wa kukatia samaki. Nimetoka na kandambili, nimekupiga teke la ubavu, ukakohoa, ukawaka. Kumbe unasikia. Basi sikia na hili: mwaka huu huna ruhusa ya kufa.

Sababu ni Myeong-hui, binti yangu. Amepiga simu. Ana miaka arobaini na tatu, na mimba mbili zilishamtoka, ya pili ilikuwa imeanza kucheza tumboni. Hii ya tatu imeshika. Atajifungua Januari, na akitoka hospitali hataki kwenda kwenye zile nyumba za mjini wanakowalaza wazazi wakiwa wamepangwa kama kuku wa mayai. Anataka kuja kulala kwangu.

"Mama, nataka ile sakafu ya kuunguza makalio," amesema.

Nikamwambia asiseme maneno hayo, tumboni kuna mtu anasikiliza. Simu ilipokatika nilibaki nayo mkononi. Mtu mzima, ana nywele nyeupe mbili tatu, na bado anakumbuka joto la chumba changu. Nilikwenda kumenya vitunguu.

Mwalimu wa darasa la wazee ametuagiza tuandike chochote mpaka theluji iyeyuke. Mimi herufi nimezijua uzeeni, mkono wangu unaandika kama kuku anavyoparua. Nilikuwa nimekataa. Sasa nina la kuandika.

Novemba 9

Limewaka bila teke.

Novemba 10

Limewaka kwa teke.

Novemba 17

Leo tumetengeneza kimchi ya msimu, kabichi ya chumvi na pilipili ya kula baridi nzima. Uani kumejaa kabichi kama kuna harusi. Jirani yangu Ok-bun, wa ng'ambo ya barabara, amekuja na kisu chake na mdomo wake. Mkwe wangu Bae Gi-cheol naye amekuja kutoka Bucheon, peke yake, kwa sababu Myeong-hui ameambiwa asisafiri. Huyu Gi-cheol anauza miwani. Ana vidole vya mwanamke asiyepika. Alipopewa figili akate, alizikata nyembamba kama vioo vya dukani kwake, mpaka Ok-bun akainua kipande kimoja akachungulia jua kupitia kwacho.

Katikati ya kazi mkwe akaniambia, "Mama, nimeliona boila. Limechoka. Niruhusu nilete jipya kabla baridi haijakaza."

"Wewe kwako Bucheon unabonyeza ukutani, joto linakuja. Hujui hata linatoka wapi."

"Ndiyo maana nataka lifungwe na mtu anayejua."

"Hili lilifungwa na mume wangu. Atakayelizima ni mimi."

Ok-bun, pilipili mpaka viwikoni, akacheka. "Mama Myeong-hui, mkwe anakupa boila wewe unamwonyesha meno. Wangu huniletea soksi."

"Chukua boila, nipe soksi."

Gi-cheol hakusema tena. Ananiudhi mtu anayenyamaza kwa adabu. Mtu akinijibu najua pa kumshika.

Novemba 30

Lilizimika jana mchana na mateke yakakataa. Nikamwita fundi Cheon wa mjini Inje. Fundi Cheon anaongea kabla hajafika na anaendelea akishaondoka. Alifungua ubavu wa boila, akatoa kitu cheusi, akasema ni pua inayopuliza mafuta, imeziba masizi. Akaweka nyingine. Kisha akaniita, "Bibi, njoo uchungulie."

Kumbe kuna kidirisha. Kioo kidogo kama jicho la samaki. Nimeishi na dude hili tangu Myeong-hui anamaliza shule na sijawahi kuinama kulitazama usoni. Nikainama. Mle ndani moto ulikuwa unavuma umejikunja, wa njano, mnene, unageuka geuka kama nyoka aliyefungwa kwenye chungu. Nikarudi nyuma hatua nzima. Huo ndio uliokuwa unanilaza usingizi, kitu kile kikali, nami nalala nimekigeuzia mgongo kama paka.

"Umeuona?" akasema. "Sasa tazama pale chini. Unaona unavyochechemea? Kifua kimetoboka kwa kutu. Maji yanaudondokea."

"Kitatoboka zaidi?"

"Hakizibiki hicho. Hili linaishi kwa sababu linakuogopa tu."

"Liishi mpaka Machi."

"Umeliuliza?"

"Nimeliamuru."

Akala viazi vitamu vyangu, vyote, akaenda zake akiongea.

Desemba 5

Theluji.

Desemba 6

Theluji.

Desemba 7

Theluji. Nimelijazia maji birika nzima. Asubuhi limeyanywa yote.

Desemba 22

Leo usiku ndio mrefu kuliko yote, tumekula uji wa maharage mekundu. Nimepaka mwingine mlangoni mwa kibanda cha boila, mabaya yasiingie. Ok-bun ameniona kutoka barabarani.

"Unalilisha na uji siku hizi?"

"Pita."

"Na meno litaota?"

Nimempakulia bakuli ampelekee mzee wake, mumewe. Anakohoa tangu mvua za vuli yule mzee, ukimsikia utadhani mtu anaburuta meza. Maji ya boila sasa ni birika mbili.

Januari 6

Amezaliwa. Msichana. Gi-cheol amepiga simu, alikuwa hasemi, anapumua tu, mpaka nikamkaripia aseme. Akasema, "Mama, yupo." Neno moja hilo. Yupo.

Nimepika wali mweupe na supu ya mwani, nimeweka mezani mafungu matatu kwa ajili ya yule Bibi asiyeonekana anayeleta watoto, nikapiga magoti. Nilitaka kumwomba mengi. Mbele ya mvuke wa wali yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, huyu mwachie. Wale wawili uliwachukua, sikukutukana. Huyu mwachie.

Januari 12

Wamefika kabla theluji haijafunga njia ya mlimani. Kabla hawajashuka garini nilikuwa nimeshasokota kamba ya majani ya mpunga, ile ya kusokotwa kwa mkono wa kushoto, nikachomeka mkaa na matawi ya msonobari kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kike, nikaifunga langoni. Mpaka wiki tatu zitimie hapiti mtu wa nje. Aliyetoka kwenye msiba ndiyo kabisa, hata kivuli chake kisiingie.

Myeong-hui alipoiona alicheka. "Mama, siku hizi kuna chanjo."

"Chanjo na ikae upande wake, kamba ikae upande wake. Ingia ndani, upepo."

Nimewapa chumba changu. Nimemlaza mtoto mahali pa joto zaidi, pale ambapo sakafu imegeuka rangi ya asali kwa kuungua. Nimemtazama. Ana kucha. Sijui kwa nini hilo ndilo limenishinda, nimelea, nimezika, nimeona kila kitu, lakini kucha zile, kama magamba ya dagaa, zimekatwa sawasawa na nani mle gizani?

Tumboni walimwita Punje. Jina la kweli babu yake wa Bucheon bado anapima.

Boila linakunywa birika nne. Sijamwambia mtu. Naamka nalijazia kimyakimya, narudi naweka miguu yangu ya barafu mbali na wao.

Januari 14

Punje amekula, amelala, amekula. Gi-cheol anafua nepi. Anazikung'uta kabla ya kuanika kama mtu aliyefundishwa. Nani alimfundisha?

Januari 16

Leo ninaandika mpaka wino uishe.

Alfajiri nilisikia boila likisema "tok". Mara moja, kama mtu aliyefunga mdomo kwa hasira. Nilipofika kibandani maji yalikuwa yametapakaa chini, pembeni yameanza kuganda. Nikapiga teke. Nikapiga jingine. Nikalitajia jina la mume wangu. Nikainama kwenye kidirisha, mle ndani palikuwa peusi na pana maji.

Gi-cheol alikuwa nyuma yangu, amevaa koti zito la marehemu mume wangu.

"Limekufa?"

"Limelala."

Alichutama akaligusa ubavuni, polepole, kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Mama, limekufa."

Sakafu zetu hazipoi kwa haraka. Saruji hushika joto kama mtu anavyoshika kinyongo. Nikaingia chumbani nikaweka kiganja pale alipolala mtoto. Palikuwa bado kama tumbo la ng'ombe. Lakini nje palikuwa na baridi ya kunasa kiganja kwenye mpini wa ndoo, na kuta za nyumba hii ni nyembamba, nazijua. Mzazi akipigwa na baridi hiyo kabla mifupa haijajifunga ataumwa maisha yake yote. Mtoto wa siku kumi sitaki hata kuandika.

Bucheon hawawezi kurudi, njia ya mlimani, ng'ambo ya Inje, imefungwa. Kwa Ok-bun kuna mzee anayekohoa, na kichanga hakipelekwi nyumba ya mtu kabla wiki tatu hazijatimia. Nina blanketi la umeme, nikalitoa kabatini. Myeong-hui akamkumbatia mtoto. "Mimi simlazi huyu juu ya nyaya." Nilimwelewa. Nikalirudisha.

Basi Gi-cheol akatoa simu. Nikamsikia anasema, "Fundi Cheon, lile letu lipo bado? Ndiyo. Lile la Novemba."

"La Novemba lipi?" nikamuuliza.

Akakuna sikio. "Siku ile ya kimchi, nikirudi nilipita Inje. Nikamwagiza aliweke dukani kwake, asimpe mtu mwingine."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza kulileta, Mama. Sikulileta."

Tusi lilinifika menoni. Nilikuwa nalo zuri, la kwetu Jeongseon, lingemwondolea miwani. Lakini nyuma ya ukuta mtoto alipiga chafya, kitu kidogo kama njugu inayopasuka, nikalimeza tusi langu.

Fundi Cheon alikuja nyuma ya trekta linalosukuma theluji, boila jipya limefungwa kamba kwenye lori lake kama ng'ombe wa mnada. Akashuka. Akafika langoni, akaona kamba. Akavua kofia, akarudi nyuma mpaka barabarani.

"Bibi, mimi sivuki hapa."

"Nini tena?"

"Jana nilimbeba baba yangu mdogo mpaka kaburini. Udongo wake bado uko kwenye viatu hivi. Nisingejua kuna mtoto, ningeingia. Sasa nimejua."

Mtu anayeongea usingizini, leo alikuwa amesimama kwenye theluji ameshika kofia. Boila pale, kibanda hapa, mtu angeweza kurusha kiazi kutoka kwa kimoja kikaangukia kingine. Katikati kamba yangu, niliyoisokota mwenyewe, na mkaa wake.

Ok-bun alikuwa ametoka mlangoni kwake. "Ikate, mwanamke mgumu wewe. Mtoto agande kwa ajili ya majani ya mpunga?"

"Nikikata, likitokea jambo, utamzaa wewe mwingine?"

"Mimi kiwanda nilishafunga."

Nilikuwa na mundu mkononi, sijui niliuchukua saa ngapi. Naandika ukweli: nilikuwa nakata. Mkono ulikuwa umeshainuka. Dirisha likafunguka upana wa kidole.

"Mama, usikate."

Alikuwa Myeong-hui. Yuleyule aliyecheka.

"Nimeshapoteza wawili," akasema. "Sijui kama kamba inafanya kitu au haifanyi. Usikate tu."

"Funga dirisha," nikamwambia. "Upepo utakuingia mifupani."

Hapo ndipo Gi-cheol aliposema, kwa sauti yake ileile ya kuuliza bei, "Fundi, je, nikilifunga mimi?"

Cheon akamtazama vidole. "Wewe unauza nini vile?"

"Miwani."

"Umewahi kushika bisibisi?"

"Kila siku. Ila ya kiasi hiki." Akaonyesha kwa vidole viwili, urefu wa njiti ya kiberiti.

Cheon akavaa kofia yake. "Bisibisi ni bisibisi. Washa simu yako niwe naona. Ukifanya ninavyosema, tutapona. Ukifanya unavyofikiri, nitakutukana mbele ya mama mkwe."

Wakawa wanaongea kwa simu, nao wanaonana kwa macho, na sauti inafika mara mbili, kwanza kutoka barabarani halafu kutoka kwenye simu. Cheon alisukuma boila mpaka chini ya kamba juu ya turubai, akaondoka, Gi-cheol akalivuta kwa ndani. Mimi nikasukuma nyuma. Magoti yangu yalisema mambo ambayo siyaandiki.

Kwanza kutoa la zamani. Kufunga mafuta, kufunga maji, kufungua mabomba. Kutu ilikuwa imeyashikanisha kama ndugu.

"Geuza kushoto," Cheon akapiga kelele.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa nchi nzima."

Spana ikateleza, ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye chuma. Akapangusa damu kwenye suruali akaendelea. Maji ya barafu yalimwagika mpaka ndani ya mikono ya koti. Skrubu ikamdondoka kwenye matope ya theluji, nikasema basi hiyo imekwenda. Akafumba macho, akaingiza mkono, akapapasa, akaitoa. Vidole vile. Nilisimama na tochi nikimmulika na sikuweza kuangalia kitu kingine. Miaka yote nimevitazama vile vidole mezani kwangu vikishika vijiti vya kulia na nimevidharau, kumbe vina macho.

Kila mara nilikimbilia chumbani. Kiganja sakafuni. Tumbo la ng'ombe likawa mkono wa mtu. Nikarudi nje. Nikaingia tena. Mkono wa mtu ukawa ukuta. Myeong-hui alikuwa amejifunika magodoro yote, mtoto ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, unaona utosi tu. Nikagusa pua ya Punje. Baridi kama kifungo cha shati.

"Bado, Mama?"

"Karibu."

Nje Cheon alikuwa ameng'ang'ania bomba la moshi. "Moshi huu ukirudi ndani hauna harufu ya kumwamsha mtu. Kaza. Paka ile gundi. Zungusha simu nione. Sijaona. Zungusha tena." Alimrudisha pale mara nyingi mpaka mimi nikamwambia amwachie, mtoto anaganda. Akanigeukia, "Bibi, kuganda kuna dawa." Nilimkumbuka dada wa Ok-bun, enzi za makaa, walivyomkuta asubuhi amekufa kwa moshi, mashavu mekundu.

Wakafika kwenye koki zinazopeleka maji ya moto vyumbani. Gi-cheol akazionyesha kwenye simu.

"Nani amezifunga hizi?" Cheon akauliza.

"Mimi," nikasema. "Kila bibi wa bonde hili hufunga vyumba asivyolala."

"Na maji yazunguke wapi, chumba kimoja kama punda wa kinu? Fungua zote."

Zilikuwa zimeshikana. Alizifungua kwa mikono miwili, akilia kwa maumivu bila kutoa sauti, machozi tu kwenye miwani.

Akabonyeza. Nikangoja mvumo. Hapakuwa na mvumo. Nikasema halijawaka. Gi-cheol akanishika mkono, mkono wake ulikuwa barafu na damu, akauweka kwenye bomba la moshi. Moto. Nikatazama juu, pale bomba linapotokeza ukutani, mvuke mweupe ulikuwa unapanda ukiwa umenyooka kuelekea mlimani, na boila lenyewe kimya kama mtu anayesali. Linawezaje kushika moto ule mkali, nilioutazama kwa macho yangu, na lisipige hata kelele?

Lakini sakafu ilibaki baridi. Nikaingia, kiganja, ukuta. Nikatoka, nikamwambia Cheon limekudanganya.

"Kuna hewa kwenye mabomba. Mkwe, fungua ile skrubu ndogo. Ndogo. Hiyo ni ya kiwango chako."

Ikapiga mluzi. Ikatema maji meusi, ikakohoa, ikatema, kisha maji yakatoka mfululizo. Akaifunga.

Mimi nilikuwa nimerudi ndani. Nililala kifudifudi karibu na Myeong-hui, sikio sakafuni. Mwanzoni kimya. Halafu nikasikia mbali, upande wa jikoni, kitu kama mtu anatembea pekupeku kijitoni. Kikapita chini ya kizingiti. Kikaja. Kikapita chini ya sikio langu, chini ya shavu langu, kikaenda kuelekea pale anapolala mtoto, kikakunja kona, kikarudi, na nyuma yake joto. Nimelalia maji haya miaka yote hii na sijawahi kuyasikia yakija. Nilidhani joto linakaa sakafuni kama rangi. Kumbe linatembea. Usiku wote linatembea chini yetu, halichoki, linatufuata kila tulipo.

"Mama, unalia?"

"Sakafu yako ina vumbi."

Jua likiinama Punje alitoka kwenye nguo za mama yake akalazwa pale pa rangi ya asali. Akanyoosha mguu mmoja. Kisha wa pili. Akakunjua kiganja chote, vidole vitano, akakiacha wazi juu ya joto kama mtu mwenye nyumba.

Fundi Cheon nilimpa supu na wali juu ya nguzo ya lango, akala amesimama. Akasema, "Bibi, mkwe wako ana mkono."

"Nimeuona."

Gi-cheol nilimkuta amelala akiwa amekaa, mikono kwenye beseni. Nimempaka mafuta vidole kimoja kimoja. Hakuamka. Nimemvuta mpaka mahali pangu kando ya mtoto, pale pa joto anapolala mkubwa wa nyumba, nikamfunika. Mimi nitalala mlangoni. Leo hata mlangoni ni joto. Vyumba vyote ni joto, nimezunguka nyumba nzima pekupeku kama mwendawazimu, mpaka chumba cha mahindi.

Januari 17

Sijapiga teke kitu.

Januari 18

Gi-cheol ameniomba figili akate. Nimempa.

Januari 23

Theluji imefika madirishani. Nimekaa naitazama inavyoshuka bila sauti, na chini ya makalio yangu maji yanatembea bila sauti. Mtoto katikati. Sikuandika zaidi kwa sababu nilikuwa natazama.

Januari 28

Wiki tatu zimetimia jana. Nimefungua kamba kwa mkono, sikuikata.

Ok-bun ndiye wa kwanza kuingia, na supu na soksi za mtoto. Nikamwambia mtoto yule pale.

"Ngoja kwanza nikae," akasema. Akanyoosha miguu, akaweka viganja vyote viwili sakafuni, akafumba macho. "Ee. Hii ni sakafu ya mfalme."

Kisha Ok-bun, mtu ninayemjua kwa mdomo wake miaka hamsini, akamsogelea Punje. Akamshika kidole tu.

Akiwa anakunywa chai akasema, kama anaongelea kuku wake, "Langu nalo limeanza kukohoa. Kidogo. Nalitia maji birika moja jioni."

"Nunua jipya."

"La nini? Linanisikia. Jana nimelipiga teke, likawaka."

Nikamtazama Gi-cheol. Gi-cheol alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Kutoka ng'ambo ya barabara, dirisha limefungwa na theluji juu yake, tulimsikia mzee wake anavyoburuta ile meza kifuani.

Ok-bun alipotoka nimemwita mkwe jikoni. Kesho anakwenda Bucheon kufungua duka, njia ya mlimani imefunguliwa. Nimemwambia, na naandika hapa ili asije akasema hakusikia:

"Pitia Inje. Mwambie Cheon aweke jingine dukani, la ukubwa wa nyumba ya Ok-bun, asimpe mtu mwingine. Jumapili ukirudi, njoo na spana yako mwenyewe. Na Ok-bun usimwulize. Ukimwuliza atakataa."